Tufundishe watoto kuzidisha kwa kazi za mikono



Watoto wetu wengi katika Kivu na Ituri wanajua kuimba hesabu ya kuzidisha. Mwalimu anapiga ubao kwa fimbo, nao wanaitikia kwa sauti moja: deux fois deux, quatre, deux fois trois, six. Ukipita karibu na shule, unafurahi kusikia. Lakini mwite mtoto mmoja pembeni umwulize: "Mama amepanga mafungu 4 ya nyanya sokoni, na kila fungu lina nyanya 3. Nyanya zote ni ngapi?" Mara nyingi mtoto ananyamaza, au anaanza kuhesabu moja moja kwa vidole. Ule wimbo uko mdomoni, lakini hajaona kwamba unahusu nyanya za mama yake.

Mtoto anayekaa shule moja miaka yote anaweza kuvumilia hali hiyo, kwa sababu atarudia wimbo mpaka siku moja auelewe. Mtoto aliyekimbia vita hana nafasi hiyo. Anatoka kijijini akiwa amefika kwenye mara 3, anakaa miezi bila darasa, halafu anapokelewa katika shule ambapo wenzake wako kwenye mara 7. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi nyingi zilizokuwa kandokando ya Goma zilivunjwa, na jamaa ambazo zilikuwa zimekwisha hama mara mbili au tatu zikabeba tena vitu vyao. Kwa watoto, kila safari ya namna hiyo ilikuwa ukurasa uliopasuliwa katika kaye.

Makala hii inaeleza namna wazazi, vijana na walimu wa kujitolea wanavyoweza kufundisha kuzidisha kwa udongo, kamba na majani ya migomba. Vitu hivyo vinapatikana karibu kila mahali. Mkihama, mnaviacha na kutengeneza vingine huko mwendako. Yale ambayo mtoto ameyaelewa kwa mikono yake anaondoka nayo.

Kwa nini tuanze na kuzidisha?

Kujumlisha na kutoa, mtoto hujifunza hata nyumbani. Anatumwa chumvi, anarudisha franga zilizobaki, na kidogo kidogo anajua. Kuzidisha kunahitaji mtu wa kumwonyesha kwa utaratibu. Na asipokujua, mlango wa mambo mengine unafungwa: kugawanya, kupima shamba, kutafuta bei ya kilo 6 ukijua bei ya kilo moja.

Hapo ndipo watoto wengi waliohama wanakwama. Mtoto wa miaka 12 anawekwa pamoja na watoto wa miaka 8 kwa sababu hajui kuzidisha. Anaona haya, wenzake wanamcheka, na baada ya majuma machache haendi tena. Mtoto aliyeacha shule katika eneo la vita ni rahisi kuvutwa na kazi za machimboni, na kuna hatari kubwa zaidi: watu wenye silaha wanamtafuta kijana wa namna hiyo.

Kuzidisha ni nini?

Kuzidisha ni kurudia mafungu yaliyo sawa. Maneno mawili ndiyo ya kushika: mafungu, na sawa. Mtoto akipanga mafungu 4, na kila fungu lina vitu 3, anasema: "Tatu, mara nne." Kama fungu moja lina vitu 2 na lingine vitu 5, hiyo si kuzidisha, kwa sababu mafungu si sawa.

Hesabu za namna hii si jambo geni kwetu. Mwaka 1950, mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, Kivu ya Kaskazini. Alipata mfupa mdogo wenye alama zilizochongwa kwa mafungu. Wataalamu wanaupa umri wa miaka kama 20,000, nao umehifadhiwa Brussels. Katika safu moja kuna alama 3 na kando yake 6, kisha 4 na kando yake 8. Wataalamu hawakubaliani juu ya maana yake, lakini wengine wanasema aliyechonga alikuwa anajua kuongeza mara mbili. Waambieni watoto habari hiyo. Inafaa wajue kwamba watu wa nchi hii walikuwa wanapanga mafungu kwa mikono yao zamani sana, kabla ya kaye na biki.

Vitu vya kutayarisha

• Udongo wa mfinyanzi, au udongo wowote unaoshikana ukilowa.
• Kanda za majani makavu ya migomba, maganda ya mahindi, au kanda zilizokatwa kutoka mifuko mitupu ya unga.
• Kamba nyembamba au uzi wa mfuko uliofumuliwa.
• Vijiti na vipande vifupi vya matete.
• Vifuniko vya chupa, vikioshwa vizuri.

Maharagi na mahindi yanaweza kutumika, lakini tunashauri udongo. Chakula si kitu cha kuchezea mahali ambapo jamaa zinalala na njaa, na mtoto mdogo huweza kuingiza haragi katika pua au sikio.

Angalisho kubwa: Msiwatume watoto peke yao kuokota vitu vya kuhesabia. Mahali palipopiganiwa panaweza kuwa na mabomu na risasi ambazo hazijalipuka. Msitumie maganda ya risasi, hata kama ni mengi na yanang'aa. Mtoto akizoea kuyaokota, siku moja ataokota kitu kingine. Mtu mzima aende nao, na kila siku awakumbushe: kitu cha chuma usichokijua usikiguse, simama, rudi ulipopitia, mwambie mkubwa.

Kazi ya kwanza: mafungu ya udongo

Kazi hii inafaa watoto wa miaka 7 na zaidi. Kila mtoto anafinyanga madonge 12 madogo, kama nyanya ndogo. Wanapomaliza, waambie: "Leo tuko sokoni. Pangeni mafungu ya 3." Wahesabu mafungu: ni 4. Kisha wahesabu madonge yote: ni 12. Waseme pamoja: "Tatu, mara nne, kumi na mbili."

Sasa waambie wavunje mafungu na kupanga mafungu ya 4. Watapata mafungu 3, na madonge bado ni 12. Waache washangae kidogo. Halafu wapange ya 2, ya 6, na mwisho waulize: "Je, mnaweza kupanga mafungu ya 5 yaliyo sawa?" Watajaribu, yatabaki madonge 2. Msiharakishe kuwaambia jibu. Mtoto aliyeona kwa macho yake madonge mawili yamebaki ameanza pia kujifunza kugawanya.

Kazi ya pili: kamba ya shanga

Watoto wafinyange shanga ndogo, wazitoboe kwa kijiti na kuzikausha kivulini siku mbili, zisipasuke. Kwa mara 3, wapange kwenye kamba shanga 3 za udongo, kisha vipande 3 vya tete, tena shanga 3, tena vipande 3, mpaka mafungu yawe 10. Kamba nzima itakuwa na vitu 30.

Mtoto anashika kamba na kuruka fungu kwa fungu: 3, 6, 9, 12, 15, 18, 21, 24, 27, 30. Kidole kinasikia mahali udongo unapoishia na tete linapoanza. Hata gizani, bila taa wala mshumaa, anaweza kujisomea. Wengine watapenda kuvaa kamba zao shingoni. Waruhusu. Mtoto akitembea na mara 3 shingoni, wenzake watamwuliza ni nini, naye ataeleza.

Mkimaliza ya 3, tengenezeni ya 2, ya 5 na ya 4. Msifanye zote kwa siku moja. Kamba moja kwa juma inatosha.

Kazi ya tatu: mkeka mdogo

Hapa mama na bibi wanaojua kusuka ndio walimu. Chukueni kanda 4 na kuzilaza chini. Chukueni kanda nyingine 5 za rangi tofauti, muzipitishe juu na chini kwa kupokezana, kama mnavyosuka mkeka. Kila mahali kanda mbili zinapokutana panakuwa na mraba mmoja. Wahesabu: mistari 4, kila mstari una miraba 5, jumla 20.

Sasa geuzeni mkeka upande. Mistari imekuwa 5, na kila mmoja una miraba 4. Hakuna mraba ulioongezeka wala kupungua. Basi mtoto akijua 4 mara 5, amekwisha kujua 5 mara 4. Katika darasa, jambo hili hufundishwa kama kanuni ya kukariri. Kwa mkeka, mtoto analigeuza mwenyewe mkononi.

Mkeka unasaidia pia kwa hesabu ngumu. Tuseme mtoto anasahau 7 mara 8. Asuke mkeka wa kanda 7 na 8, kisha aukunje kwenye mstari wa 5. Upande mmoja ni 5 mara 8, yaani 40. Upande wa pili ni 2 mara 8, yaani 16. Akiunganisha anapata 56.

Kazi ya nne: nyota ya uzi

Kazi hii ni ya watoto wa miaka 9 na zaidi, nao wanaipenda sana. Chorea duara chini. Pigilia vijiti 10 kwa kuzunguka, kwa nafasi zilizo sawa, na uviandike kuanzia 0 mpaka 9. Funga uzi kwenye 0.

Mtoto anasema mara 3 na kupeleka uzi kwenye namba ya mwisho ya kila jibu. 3, anakwenda kwenye 3. 6, kwenye 6. 9, kwenye 9. Jibu la 12 linaishia na 2, basi anakwenda kwenye 2. Halafu 15, kwenye 5; 18, kwenye 8; 21, kwenye 1; 24, kwenye 4; 27, kwenye 7; na 30 inamrudisha kwenye 0. Akitazama chini, anaona nyota yenye ncha 10.

Mara 4 inatoa nyota ya ncha 5. Mara 2 inatoa umbo la pande 5 bila ncha za ndani. Mara 5 inakwenda na kurudi kwenye mstari mmoja tu, kati ya 0 na 5. Na mara 7 inatoa nyota ileile ya mara 3, ila uzi unazunguka kinyume.

Faida ya kazi hii ni kwamba mtoto akikosea, nyota inaharibika, naye anaona mwenyewe. Hakuna haja ya kumpigia kelele. Anafungua uzi na kurudi nyuma mpaka mahali alipopotea.

Kumbe zinazobaki ni 10 tu

Meza ya kuzidisha kutoka 1 mpaka 10 ina majibu 100. Mtoto aliyechelewa shule akisikia hivyo anakata tamaa. Mwonyesheni jinsi mzigo unavyopungua:

1. Mkeka ukigeuzwa jibu halibadiliki. Kwa hiyo 100 zinabaki 55.
2. Mara 1, mara 2, mara 5 na mara 10 ni nyepesi. Tukiziondoa, zinabaki 21.
3. Mara 9 iko kwenye vidole. Kwa 9 mara 4, nyosha vidole vyote 10 na kunja cha nne kuanzia kushoto. Kushoto kwake vimebaki 3, kulia 6. Jibu ni 36. Zinabaki 15.
4. Mara 4 ni mara 2, kisha tena mara 2. Zinabaki 10.

Hizo 10 ni 3 mara 3, 3 mara 6, 3 mara 7, 3 mara 8, 6 mara 6, 6 mara 7, 6 mara 8, 7 mara 7, 7 mara 8 na 8 mara 8. Mtoto wa miaka 12 akijifunza moja kila siku, kwa majuma mawili anaweza kukaa darasani bila haya.

Tutumie lugha gani?

Anzeni na lugha ambayo mtoto anafikiri nayo. Kama ni Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, Kilendu, Kihema au Kiswahili, ahesabu kwa lugha hiyo wakati mikono yake inafanya kazi. Akishaelewa, mfundisheni kusema kwa Kifaransa pia, kwa sababu atakutana nacho shuleni. Fuateni utaratibu huu: kwanza mikono, pili mdomo, mwisho kaye.

Mkeka mmoja, watoto wa pande mbili

Tunawashauri sana msifanye kundi la watoto waliohama peke yao. Waiteni pia watoto wa jamaa zilizowapokea. Wenyeji wengi ni maskini kama wageni wao, nao wakiona kila msaada unakwenda upande mmoja, moyo wao unachafuka. Kundi la watoto 8 mpaka 12, nusu saa, mara tatu kwa juma, linaweza kukaa chini ya mti mmoja.

Pangeni kazi ili watoto wahitajiane. Kwa mkeka, mmoja alete kanda za kulala na mwenzake kanda za kusimama. Hakuna anayeweza kusuka peke yake. Msiwapange kwa kabila wala kwa kijiji walichotoka, na msitoe zawadi kwa aliyemaliza wa kwanza. Aliyeelewa mapema apewe kazi ya kumwonyesha mwenzake. Wazazi wanaokuja kuwachukua watoto watasalimiana. Huo ni mwanzo mdogo, lakini amani kati ya jirani na jirani huanza hivyo.

Kwa viongozi na kamati

Ninyi pia mnahitaji hesabu hii. Ugomvi mwingi wakati wa kugawa msaada unatokana na jambo moja: watu wanaona mafungu yasiyo sawa na kusema kuna upendeleo. Tuseme kila mtu anapewa kilo 6 za unga. Jamaa ya watu 3 itapata kilo 18. Jamaa ya watu 7 itapata kilo 42. Jirani anaona mzigo mkubwa ukibebwa, na jioni maneno yanaanza: "Wale wanapewa kwa sababu ni ndugu wa rais wa kamati." Kumbe kila mdomo umepata sawasawa.

Kabla ya kugawa, simameni mbele ya watu na madonge ya udongo. Wekeni mafungu 3 ya madonge 6, kisha mafungu 7 ya madonge 6. Mtoto mmoja ahesabu kwa sauti. Watu wakiona, maneno yatapungua. Na kama kweli kuna udanganyifu, utaonekana pia, kwa sababu kila jamaa itaweza kujua haki yake kabla ya kupokea. Kiongozi mwaminifu haogopi watu wanaojua kuzidisha.

Mfuatilie vilevile haki ya watoto kuingia shuleni. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali, na serikali ilianza kutekeleza bure hiyo katika shule za msingi mwaka wa masomo 2019-2020. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani, kanuni ya 23, zinasema pia kwamba waliohama wana haki ya elimu. Kundi la chini ya mti halichukui nafasi ya shule. Linamtayarisha mtoto ili mlango wa shule ukifunguliwa aingie na kubaki. Nendeni kwa mkurugenzi wa shule mkiwa kamati nzima, wageni na wenyeji pamoja, mkiwa na orodha ya watoto na yale waliyokwisha kujifunza.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika mahali petu, ni watoto wangapi wa miaka 7 mpaka 12 hawaendi shule? Nani anawajua kwa majina?
2. Nani kati yetu anajua kusuka, kufinyanga au kushona, na anaweza kutoa nusu saa mara tatu kwa juma?
3. Tutawaalika namna gani watoto wa wenyeji na wazazi wao?
4. Je, kila jamaa hapa inajua kuhesabu haki yake kabla ya siku ya kugawa msaada? Kama hapana, tutawaonyesha lini?

Anzeni na swali la pili. Mkiwa na mtu mmoja anayejua kusuka na watoto wanne, mnaweza kuanza kesho asubuhi.